Kalibu

Ninabeba meno.
Si yangu. Ni ya watu nisiowajua,
seti nzima zimelazwa kwenye pamba, ndani ya visanduku vya bluu,
kutoka karakana ya Ngara hadi zahanati za Hurlingham,
Buruburu, na ile ya Eastleigh, ghorofa ya nne, lifti imekufa.
Mwaka wa sita huu. Meno hayajalalamika hata siku moja.
Mlalamishi ni mimi, huku chini ya kiuno,

maana kiti cha skuta yangu kilikuwa ubao
uliovishwa ngozi kwa ajili ya heshima.
Kila tuta la Juja Road lilinipanda mgongoni
pingili kwa pingili, likibisha
kama wakala wa nyumba tarehe tano.
Nilijaribu mto wa sofa. Nilijaribu gunia.
Nilijaribu kuendesha nimesimama;
watoto wa Pangani wakaniita jogoo.

Basi Jumamosi moja nikafika Kariobangi Light
kwa Musembi, mshonaji wa viti.
Hakuuliza rangi.
Alimwaga unga wa sima juu ya ubao,
akausawazisha kwa kiganja, taratibu,
kama anayetandika kitanda cha mgeni.
"Keti. Usicheke."
Nikaketi. Nikacheka.
Akasawazisha upya.

Niliposimama tuliinama wote wawili kutazama:
mashimo mawili, la kushoto limezama zaidi.
"Mkoba huubeba bega gani?"
Kushoto.
Akatikisa kichwa kama aliyesoma barua.
Nami nikawakumbuka madaktari wangu na ule udongo wao wa waridi,
uma hapa, tulia, usimeze mate,
na wazee wanaotoka nje wakijipapasa midomo.
Nimebeba kalibu za vinywa vya nusu ya jiji,
na sikujua kwamba hata huku nyuma
mtu huchukuliwa vipimo.

Akachonga sponji kwa kisu cha mkate,
tabaka gumu chini, laini juu,
na upande wa kushoto akapachika kipande
chembamba kama chapati ya mwisho wa mwezi.
Ngozi rangi ya zambarau, uzi wa manjano.
Elfu tatu na mia tano.
Nilitoa elfu tatu. Mia tano nikazipeleka Jumatano,
nikipita njia ya mbali, kwa kupenda tu.

Juja Road ilikuwa ileile.
Matuta yalinyanyuka, yakabisha,
hayakumkuta mtu.

Lakini jioni zikaanza kuwa ndefu.
Nilifika nyumbani jua bado lina nguvu,
nikafua soksi ambazo hazikuwa chafu.
Wiki ya tatu ndipo muuza viazi vitamu akanisimamisha:
"Kwamboka wa pale kwenye daraja anauliza,
yule wa meno, alimkosea nini?"

Hakunikosea. Nilikuwa nashuka kwake
kunyoosha mgongo. Kikombe kimoja, mandazi mawili,
na habari za Onsare, mwanawe, anayejifunza useremala.
Maumivu yalinishusha kila siku saa kumi,
nami nikadhani ni chai.

Nikaenda. Skuta nikaiegemeza ukutani,
zambarau yake iking'aa kama mtu aliyevalia harusi isiyomhusu.
Kreti ya soda niliyozoea kuikalia haikuwapo.
Mahali pake palikuwa na stuli,
kazi ya kwanza ya Onsare, imefika kwa basi la usiku:
miguu mitatu iliyoelewana
na mmoja uliokuwa na maoni yake.
"Hakuna aliyeikalia," Kwamboka alisema, akipangusa vikombe
ambavyo vilikuwa vimeshakauka.
"Ilikuwa inakungoja."

Nikaikalia.
Ikainama kushoto.
Nikaagiza kikombe cha pili kabla ya cha kwanza kupoa.